Askari Akisema Haoni: Ubongo Waweza Kutoa Ushahidi

Na Mwandishi Wetu

Bandari ya Mocímboa da Praia, iliyoko kaskazini ya pwani ya Cabo Delgado nchini Msumbiji, ni ndogo ikilinganishwa na Mombasa au Dar es Salaam. Wenyeji wake wengi ni wavuvi na wachuuzi wasemao Kimwani, na wengi wao hukielewa Kiswahili, kwani Mto Ruvuma hauko mbali na bahari ni ile ile moja. Lakini jina la mji huo limejulikana duniani kwa sababu ya vita. Tarehe 5 Oktoba, 2017, washambuliaji walivivamia vituo vya polisi mjini humo, na askari polisi wakawa miongoni mwa watu wa kwanza kuuawa. Mwezi wa Agosti, 2020, mji na bandari yake vilitekwa. Tarehe 8 Agosti, 2021, majeshi ya Msumbiji na Rwanda yaliukomboa. Rwanda ilikuwa imepeleka askari jeshi na polisi wapatao 1,000 mwezi mmoja kabla ya hapo.

Katika mahali kama hapo, jicho la askari ni silaha yake ya kwanza. Aliye zamu gatini usiku hana budi kupambanua jahazi la mvuvi arudiye na samaki wake na chombo cha adui. Akikosea upande mmoja, raia asiye na hatia hupoteza maisha. Akikosea upande wa pili, kikosi kizima huangamia. Basi jambo tunalotaka kulieleza leo lahusu bandari hiyo, na lahusu vile vile kila kambi na kila kituo cha polisi: askari akisema haoni, na jicho lake laonekana zima, nani ataujua ukweli?

Hebu tutoe mfano. Askari watatu wako katika doria, na gari lao lakanyaga bomu lililotegwa barabarani. Wawili wajeruhiwa waziwazi na kuchukuliwa hospitali. Wa tatu atoka akitembea, hana jeraha usoni. Siku ya pili asema kwamba jicho lake la kulia limeingia giza. Mganga wa kikosi alimulika kwa kurunzi: jicho ni safi, halina damu wala mtoto wa jicho. Baada ya wiki moja kambini yaanza maneno ya chini kwa chini: "Huyo anatega."

Mfano huu ni wa kubuni, lakini hapana shaka kwamba kila kamanda mzoefu amepata kuyasikia maneno hayo. Kuyaamini pasipo kupima ni hatari. Iwapo askari yule asema kweli, ataadhibiwa kwa kosa la kuumia kazini, au atarudishwa lindoni na kuhatarisha roho za wenzake. Iwapo asema uongo, mwingine atabeba zamu yake, na malipo ya walioumia yatakwenda kwa asiyestahili. Katika hali zote mbili haki hupotea.

HISTORIA YATUONYA

Katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1914 hadi 1918, madaktari wa majeshi ya Ulaya waliletewa askari wasioona, wasiosikia au wasioweza kusema, ilhali miili yao haikuwa na jeraha. Wengine walitibiwa kwa huruma. Wengine walitiwa umeme mwilini ili walazimike kupona. Katika vita hiyo hiyo jeshi la Uingereza liliwapiga risasi askari wake kwa makosa kama vile kutoroka na woga. Jamaa za baadhi ya waliouawa walidai kwa miaka mingi kwamba wapendwa wao walikuwa wagonjwa, si waoga. Mwaka 2006 askari 306 walisamehewa kisheria, miaka karibu tisini baada ya kuzikwa.

Tusidhani kwamba hayo ni mambo ya Ulaya tu. Vita hiyo ilifika hata katika nchi tunayoizungumzia: mwezi wa Novemba, 1917, jeshi la Kijerumani la Lettow-Vorbeck, pamoja na askari wake wa Kiafrika na wapagazi wao, lilivuka Ruvuma na kuingia kaskazini ya Msumbiji. Wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kwa muda mrefu giza la jicho nalo lilijulikana kwa mwenye jicho peke yake.

KIPIMO KITEGEMEACHO ULIMI

Kila aliyeandikishwa jeshini au polisi aikumbuka chati ya herufi. Chati ya namna hiyo ilitungwa na Herman Snellen, daktari wa macho wa mji wa Utrecht, Uholanzi, mwaka 1862. Ni kipimo kizuri, tena rahisi. Lakini kina kasoro moja kubwa: chategemea kauli ya mwenye kupimwa. Kijana atakaye kazi aweza kuzikariri herufi kwa kumsikiliza aliyemtangulia. Asiyetaka kazi aweza kusema kwamba haoni hata ile kubwa ya juu. Asiyejua kusoma hupimwa kwa herufi E iliyogeuzwa huku na huku, lakini hata hapo ni lazima aonyeshe kwa mkono, na mkono waweza kudanganya kama ulimi.

Kadhalika wako watu wasioweza kujibu kabisa: mtoto mchanga, majeruhi asiyeweza kusema, na mtu asiyeelewana kwa lugha na daktari wake. Katika bandari kama Mocímboa da Praia, ambako Kireno, Kimwani, Kimakonde, Kiswahili na Kinyarwanda hukutana, jambo hilo la mwisho si dogo.

Madaktari wa zamani walibuni mbinu za kusaidia. Mojawapo ni ya kioo: kioo kikubwa cha kujitazamia huwekwa mbele ya uso na kupinduliwa polepole, jicho lionalo hufuata sura yake pasipo kutaka. Nyingine ni ya mwanga: kurunzi huhamishwa toka jicho moja hadi la pili, na daktari hutazama kama mboni zote mbili husinyaa sawasawa. Mboni ikitanuka badala ya kusinyaa mwanga umfikiapo upande wake, hiyo ni dalili kwamba neva ya jicho hilo imeharibika, na mboni haitegi kazi. Mbinu hizi hazihitaji fedha nyingi, na mganga wa kikosi aliyefundishwa aweza kuzitumia hata katika hema. Lakini haziwezi kueleza kila kitu. Mathalani, macho yote mawili yakiwa yameumia sawasawa, kipimo cha kurunzi hakitaonyesha tofauti kati yao.

JICHO HALIONI PEKE YAKE

Ili kuelewa kipimo cha ubongo, yafaa tukumbuke jinsi mtu anavyoona. Mwanga huingia kwa mboni na kuangukia utando wa nyuma ya jicho, yaani retina. Retina huugeuza mwanga kuwa ishara za umeme. Ishara hizo husafiri kwa neva ya jicho, ambayo ndani yake mna nyuzi zipatazo milioni moja, hata zifike sehemu ya nyuma kabisa ya ubongo, kwenye kisogo. Hapo ndipo mtu aonapo.

Askari wa mawasiliano atalielewa jambo hili upesi. Simu ya handakini yaweza kuwa nzima, ikang'aa, wala isiseme neno, kwa kuwa waya umekatika mita mia mbili nyuma. Fundi aitazamaye simu peke yake atasema hakuna hitilafu. Kishindo cha bomu au pigo la paji la uso laweza kuiumiza neva ya jicho ndani ya mfupa wake, na jicho kwa nje likabaki safi kama la mtoto. Dalili huonekana ndani ya jicho baada ya wiki kadhaa tu, neva inapopauka. Katika wiki hizo ndipo askari mkweli huitwa mtegaji.

KUUSIKILIZA UMEME WA UBONGO

Ubongo hutoa umeme mdogo sana. Daktari Hans Berger wa Jena, Ujerumani, aliurekodi kwa mara ya kwanza kutoka katika kichwa cha mtu mwaka 1924, akatangaza habari zake mwaka 1929. Tatizo lilikuwa kwamba jibu la ubongo kwa kitu kimoja kilichoonwa ni dogo mno, aghalabu mikrovolti chache tu, nalo humezwa na umeme mwingine wa ubongo usiokoma.

Mfano wake ni mtu aliye gatini penye makelele ya wapagazi na mawimbi, naye atakiwa amsikie mwenziwe akigonga ubao ng'ambo ya pili. Mgongo mmoja hatausikia. Lakini ubao ukigongwa kila baada ya nusu sekunde, na sauti za vipindi vyote zikarekodiwa na kujumlishwa pamoja, makelele yaliyokuja ovyo yatafutana, na mgongo uliokuja wakati ule ule kila mara utajitokeza. Hivyo ndivyo alivyofanya George Dawson wa London, aliyeonyesha mashine ya kujumlisha majibu ya ubongo mwaka 1951. Leo kazi hiyo hufanywa na kompyuta.

Kipimo chenyewe hakiumizi. Mtu huketi mbele ya kiwambo chenye miraba myeusi na myeupe kama ubao wa drafti. Kisogoni na kwenye utosi hubandikwa vijisahani vidogo vya madini, viitwavyo elektrodi. Havitii umeme mwilini; vyasikiliza tu. Jicho moja hufunikwa. Miraba hubadilishana rangi mara mbili kwa sekunde, nyeusi ikawa nyeupe na nyeupe ikawa nyeusi, na kompyuta hujumlisha majibu yasiyopungua 50. Mtu mwenye njia nzima ya kuona hutoa wimbi kubwa yapata milisekunde 100, yaani sehemu moja ya kumi ya sekunde, baada ya kila badiliko. Wataalamu huliita wimbi hilo P100.

Mwaka 1972 madaktari Halliday, McDonald na Mushin wa London walionyesha kwamba kwa watu waliopatwa na uvimbe wa neva ya jicho, wimbi hilo huchelewa. Ugunduzi huo ulikuwa mkubwa, kwa sababu mara nyingi wimbi liliendelea kuchelewa hata baada ya mgonjwa kupata nafuu ya kuona. Ubongo uliweka kumbukumbu ya ugonjwa ambao jicho lilikwisha kuusahau.

Baadaye wataalamu waliendelea mbele. Miraba au mistari hupunguzwa ukubwa hatua kwa hatua. Kadiri inavyokuwa myembamba, ndivyo jibu la ubongo linavyopungua hadi litoweke. Mahali litowekapo huonyesha kwa kukisia ukali wa jicho, bila ya mpimwaji kusema neno. Njia hii imewafaa sana watoto wachanga. Mwaka 2021 chama cha kimataifa cha wataalamu wa umeme wa macho, kiitwacho ISCEV kwa kifupi, kilitoa utaratibu maalumu wa kukadiria ukali wa macho kwa njia hiyo, ili kipimo cha nchi moja kilinganike na cha nchi nyingine.

SHAHIDI MWENYE MIPAKA

Hapa ndipo penye jambo kuu la makala haya, nasi twawaomba makamanda walishike. Kipimo hiki ni shahidi, si hakimu. Tena ni shahidi ambaye kauli zake mbili hazina uzito mmoja.

Askari akisema haoni kabisa kwa jicho la kulia, na ubongo wake ukatoa wimbi zuri kwa miraba midogo iliyoonyeshwa jicho hilo peke yake, huo ni ushahidi mzito kwamba njia ya kuona yafanya kazi. Ubongo hauwezi kuijibu miraba ambayo haikuufikia. Lakini jibu likikosekana, haifuati kwamba mtu ni kipofu. Mwenye nia ya kudanganya aweza kulififisha jibu kwa kutazama pembeni, kwa kusinzia, au kwa kulilegeza jicho hata miraba imwie ukungu. Mwenye kuhitaji miwani, akipimwa bila miwani, jibu lake litapungua pia. Kwa hiyo ni lazima mpimaji ayatazame macho ya mpimwaji muda wote, arudie kipimo, na akilinganishe na vipimo vingine, kama kile cha umeme wa retina yenyewe.

Mpaka wa pili ni mgumu zaidi. Hata pale njia ya kuona iwapo nzima, mtu asemaye haoni si lazima awe mwongo. Akili iliyoelemewa na hofu, vifo na kukosa usingizi yaweza kuufunga mlango wa kuona pasipo mwenyewe kutaka. Huo nao ni ugonjwa, na una tiba yake. Mara nyingi wapatwao nao hupona kwa mapumziko, maelezo ya upole na uangalizi wa daktari. Mashine hupima njia ya ishara. Nia ya mtu haimo katika kipimo chake. Kwa hiyo kamanda akipokea karatasi isemayo kwamba njia ni nzima, asiifanye hati ya mashtaka. Na ampeleke askari wake kwa daktari wa akili kabla ya kumpeleka mbele ya sheria.

PWANI YETU INA KISA CHAKE

Pengine msomaji atasema kwamba haya ni mambo ya mabomu tu. Sivyo. Katika pwani hii ya Afrika Mashariki, neva zimepata kuharibika bila ya risasi hata moja.

Mwaka 1981, wakati wa ukame, zaidi ya watu 1,000 wa mkoa wa Nampula, ulio kusini ya Cabo Delgado, walipooza miguu ghafla. Huko ugonjwa uliitwa mantakassa. Nchini Kongo huitwa konzo. Chanzo chake kilihusishwa na kula muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha, ambao hubaki na sumu ya sianidi, pamoja na uhaba wa vyakula vya kujenga mwili. Katika mwaka 1992 na 1993 ulitokea tena Mogincual, katika mkoa huo huo, na safari hiyo ulihusishwa na vita. Watu waliopooza miguu walikuwa na macho yaonekanayo mazima. Lakini wataalamu waliowapima wagonjwa wa konzo nchini Kongo kwa miraba na elektrodi, na kutangaza matokeo mwaka 2003, walikuta kwamba kwa baadhi yao njia ya kuona nayo ilikuwa imeguswa.

Dar es Salaam nayo ina kisa chake. Tangu mwaka 1988 madaktari wa macho waliona wagonjwa wakiongezeka, wengi wao vijana, ambao macho yote mawili yalipungua nguvu katika muda mfupi. Mwaka 1997 Gordon Plant wa London na wenzake, akiwamo daktari wa Tanzania, walieleza ugonjwa huo kwa kirefu: huharibu neva ya jicho, na wengine huwapa ganzi au moto wa nyayo. Sababu yake haijathibitishwa.

Sasa tufikirie kijana mwenye ugonjwa wa namna hiyo akiwa katika sare. Uharibifu huwa katikati ya uwezo wa kuona, wala si pembeni. Hawezi kusoma herufi, rangi zimefifia, sura ya rafiki yake haitambui. Lakini atembeapo hajikwai, kwa kuwa pembeni anaona. Mkuu wake amwona akipita kati ya vitanda bila ya kugusa hata kimoja, na asema: "Mtazame kipofu wetu!" Kumbe kijana huyo asema kweli tupu. Wimbi la miraba midogo, ambalo hutegemea zaidi sehemu ya katikati ya jicho, ndilo lingemtetea.

LA KUFANYA

Kipimo cha ubongo chahitaji mashine, umeme usiokatika na mtaalamu aliyefundishwa. Ni kazi ya hospitali kubwa ya rufaa, si ya zahanati ya kambi. Lakini yako mambo ambayo kila kikosi chaweza kuyafanya leo.

Kwanza, kila askari apimwe macho aingiapo kazini, jicho moja moja, na kabla ya kupelekwa penye vita, na matokeo yaandikwe. Pasipo kumbukumbu ya jana hatuwezi kujua ni nini kilichopotea leo.

Pili, aliyekuwa karibu na mlipuko apimwe hata kama hana jeraha, tena siku ile ile. Jicho lililotoboka lisikandamizwe wala kutiwa dawa za kienyeji. Lifunikwe kwa kitu kigumu kisicholigusa, na majeruhi apelekwe haraka.

Tatu, askari mwenyewe asifiche. Mficha maradhi kifo humfichua, na katika lindo kifo hicho chaweza kuwa cha mwenzake.

Nne, mikoba ya chakula iangaliwe. Kikosi kikaacho muda mrefu mbali na maghala, kikitegemea chakula cha aina moja, chahatarisha mishipa ya fahamu ya watu wake.

Tano, ndugu zetu polisi wakumbuke kwamba haya yanawahusu raia pia. Mtu aliyepigwa akaja kituoni kudai kwamba amepofuka, asikejeliwe kwa kuwa jicho lake ni jeupe. Nchini Tanzania fomu ya PF3 humpeleka kwa daktari, na daktari ndiye awezaye kumwelekeza kwenye kipimo kinachofaa. Kesi ya haki huanza na mpelelezi asiyekata shauri mapema.

Turudi gatini Mocímboa da Praia. Usiku, kabla ya kupwa kwa maji, askari mmoja ashika zamu na mwingine alala. Alalaye ameyakabidhi maisha yake kwa macho ya mwenzake. Amana hiyo hailindwi kwa kumshuku kila asemaye kwamba haoni, wala kwa kumwamini kila mtu bila ya kupima. Hulindwa kwa kupima kwa uaminifu, kwa kuandika yaliyopimwa, na kwa kujua shahidi gani aweza kusema nini. Askari asemaye kweli hana sababu ya kukiogopa kipimo. Nasi tulio juu yake tusimpe sababu ya kuiogopa kweli.